Giligili au chembe? Kuchagua programu ya kuiga mawimbi ya mshtuko ukiwa na laptopu moja

Masika yakikolea, mawingu hujikusanya mchana juu ya milima ya Nandi, na kufikia jioni radi inapiga huku Kisumu hadi vioo vya madirisha vinatetemeka. Ule mshindo ni wimbi la mshtuko lililochoka. Hewa iliyo kwenye njia ya umeme hupata joto la takriban nyuzi 30,000 za selisiasi kufumba na kufumbua, inafura kwa kasi inayoishinda sauti, na hewa ya pembeni haipati nafasi ya kupisha. Inabanwa ghafla. Baada ya mita chache wimbi limeshapoteza nguvu na kugeuka sauti ya kawaida, ndiyo ngurumo tunayoisikia.

Wanafunzi wanaonijia na maswali ya fizikia ya anga huwa nawaanzishia hapo. Nyota inapolipuka, gesi yake huisukuma gesi iliyoko kati ya nyota kwa kasi ya maelfu ya kilomita kwa sekunde, na mbele yake hutangulia wimbi la mshtuko wa ukoo huo huo wa radi. Supanova ya mwisho kuonekana kwa macho matupu, SN 1987A, ilionekana Februari 1987. Mtu aliyesimama Maseno, pale mstari wa ikweta unapopita, aliweza kuiona jioni upande wa kusini, kama nyuzi 21 tu juu ya upeo wa macho. Tangu siku hiyo wimbi lake limekuwa likisafiri, na darubini zinaendelea kulifuata.

Lakini huwezi kwenda kuishika supanova. Ndiyo maana wanafizikia wanaunda mawimbi hayo maabarani kwa leza kubwa: NIF ya California yenye miale 192, OMEGA ya Rochester yenye miale 60, LULI ya Ufaransa, Gekko XII ya Osaka. Na kwa kuwa jaribio moja hudumu nanosekunde chache na hugharimu pesa nyingi, kila jaribio huigwa kwenye kompyuta kabla ya leza kuwashwa na baada ya kuwashwa. Hapo ndipo mtu wa Kisumu, Njoro au Kakamega anapoweza kuingia. Leza hatuna. Kompyuta tunazo.

Mwaka huu wamenijia wawili wa uzamili, mmoja wa Maseno na mwingine wa Njoro, na wote waliuliza kwa namna ile ile: "Mwalimu, tunasikia FLASH ndiyo programu ya wakubwa. Tuichukue hiyo?" Jibu langu lilikuwa moja kwa wote wawili, ingawa mwishowe walichukua programu tofauti. Jina la programu liwe swali la mwisho. La kwanza ni hili: chembe za gesi yako zinagongana, au hazigongani?

Zinagongana au hazigongani

Hewa tunayovuta imejaa molekuli kiasi kwamba molekuli moja haiwezi kusafiri hata sehemu moja ya kumi ya maikromita kabla ya kuigonga nyingine. Migongano hiyo ndiyo inayolibeba wimbi la radi. Gesi ikiwa hivyo, huna haja ya kufuatilia molekuli moja moja. Unaihesabu kama kitu kinachotiririka, kama maji ya ziwa: msongamano, kasi, shinikizo, na basi. Hii ndiyo njia ya giligili.

Sasa nenda kwenye mabaki ya supanova. Katika sentimita moja ya ujazo unaweza kukuta protoni moja tu. Protoni inayokwenda kilomita 5,000 kwa sekunde katika gesi nyembamba namna hiyo itavuka mabaki yote ya nyota na kutokea ng'ambo bila kugongana na nyingine ipasavyo. Kwa hesabu ya migongano, wimbi la mshtuko lisingekuwepo kabisa. Na lipo, tunaliona likitoa miale ya eksirei. Kinachozisimamisha chembe ni uga wa sumaku na uga wa umeme ambao chembe zenyewe zimeuzalisha zilipopishana. Unene wa wimbi kama hilo hupimwa kwa umbali ambao kwa protoni moja kwa sentimita ya ujazo ni karibu kilomita 230, yaani kama barabara ya kutoka Kisumu hadi Gilgil. Kwa kitu chenye upana wa miaka ya nuru kadhaa, huo ni unyuzi.

Maabarani aina zote mbili zinaundwa, na mwanafunzi anayedhani "wimbi la leza" ni kitu kimoja ataanza vibaya.

Aina ya kwanza ni kama majaribio yaliyofanyiwa OMEGA na kuigwa na kituo cha CRASH cha Chuo Kikuu cha Michigan kuanzia 2008. Leza hupiga kisahani cha beriliamu chenye unene wa maikromita 20, kisahani hurushwa ndani ya kijibomba kilichojaa gesi ya zenoni, na wimbi hukimbia humo kwa zaidi ya kilomita 100 kwa sekunde. Zenoni ni nzito, chembe zinagongana sana, na joto ni kali kiasi kwamba wimbi linang'aa na mwanga wake unachukua sehemu kubwa ya nishati. Mwanga huo hutangulia mbele, hupasha ukuta wa plastiki wa kijibomba, ukuta hufura, na ghafla una wimbi la pili linalotoka ukutani kuingia ndani kabla wimbi lenyewe halijafika. Hii ni kazi ya giligili, ila giligili yenye mwanga.

Aina ya pili ni kama ile ya NIF iliyotangazwa 2020: mikondo miwili ya plazma (gesi ambayo elektroni zimebanduka kwenye atomu na kuziacha ioni) inayotoka pande mbili inapishana kwa kasi kubwa sana, migongano haitoshi kuizuia, uga wa sumaku unajitengeneza wenyewe, na wimbi linazaliwa. Humo elektroni chache ziliongezewa nishati hadi zaidi ya mara 100 ya nishati ya joto la plazma. Giligili haiwezi kukuonyesha jambo hilo hata ukiiendesha kwenye kompyuta kubwa kuliko zote duniani, kwa sababu katika milinganyo yake hakuna elektroni mojamoja ya kuchochewa. Hapo unahitaji njia ya chembe.

Upande wa giligili: Athena++, PLUTO na FLASH

Kwa anayeanza, mimi humpa Athena++. Imetoka Princeton, imeandikwa kwa C++, ni programu huria ambayo mtu yeyote anaishusha bila kuomba ruhusa, na kwenye mfumo endeshi wa Ubuntu wa kawaida inajengeka bila kukulazimisha kutafuta maktaba nyingine. Anayenunua bando kwa siku ataelewa kwa nini hilo la mwisho nalihesabu kama sifa kubwa. PLUTO ya Torino, iliyoandikwa kwa C, inaikaribia sana. Mwongozo wake umeandikwa kwa uangalifu ambao nadra kuuona, na kama kazi yako ni mikondo ya plazma inayochomoka kwenye nyota changa, mifano iliyomo itakufikisha mapema zaidi. Kati ya hizi mbili sitagombana na mtu. Mimi nachukua Athena++ kwa sababu ukitaka kubadilisha hali ya kuanzia, unaandika faili moja fupi na kazi imekwisha.

Jaribio la kwanza ni bomba la Sod la 1978, ambalo programu zote tatu huja nalo. Bomba lina urefu wa 1, katikati pana utando. Kushoto msongamano ni 1 na shinikizo 1, kulia msongamano ni 0.125 na shinikizo 0.1. Utando unaondolewa ghafla. Muda ukifika 0.2, wimbi la mshtuko linapaswa kuwa limefika kama 0.85, na nyuma yake msongamano uwe 0.266, halafu urukie 0.426 pale gesi ya kushoto inapokutana na ya kulia. Jibu hili linajulikana kwa kalamu na karatasi, kwa hiyo mashine haina pa kujificha.

Nikikaa na mwanafunzi huwa tunachora grafu mbili, moja ya visanduku 100 na nyingine ya visanduku 400, yaani gridi inayolikata bomba vipande 100 au 400 vya kupigia hesabu. Ukitazama kwa karibu, wimbi la mshtuko linasimama wima, limebanwa ndani ya visanduku viwili au vitatu tu. Ile hatua ya pili, mpaka wa gesi na gesi, imetandazika na kuwa mteremko laini, na kwenye visanduku 100 inachosha macho kuitafuta. Mwanafunzi akishaona hivyo anaelewa jambo ambalo mhadhara mzima hauwezi kumpa: wimbi la mshtuko hujinoa lenyewe, lakini mpaka wa gesi na gesi hauna wa kuunoa, na kila hatua ya hesabu inauchakaza kidogo. Ukija kusoma picha za supanova za kompyuta na kuona gesi mbili zimechanganyika, utajiuliza ni fizikia iliyozichanganya au ni gridi.

Kwa uzito wa kazi, giligili inakubali laptopu. Gridi ya pande mbili (urefu na upana) ya visanduku 1,024 kwa 1,024, kila kimoja kikibeba namba nane za msongamano, kasi, nishati na uga wa sumaku, ni megabaiti 67 tu. Pande tatu (ukiongeza kimo) za 256 kila upande ni gigabaiti 1 kwa nakala moja, na programu huhitaji nakala kadhaa, kwa hiyo laptopu ya gigabaiti 8 inafika hapo ikitweta.

FLASH je? Ilianzia Chuo Kikuu cha Chicago mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa ajili ya nyota zinazolipuka, na siku hizi kituo chake kiko Rochester, karibu na leza ya OMEGA yenyewe. Inastahili sifa yake. Inafuatilia miale ya leza ikiingia kwenye plazma, inatunza halijoto tatu kwa wakati mmoja, ya elektroni, ya ioni na ya mnururisho (yaani mwanga), na inausafirisha mnururisho huo. Athena++ na PLUTO hazikuundwa kwa ajili ya leza. Ukitaka kuiga kijibomba cha zenoni kuanzia sekunde leza inapogusa beriliamu, FLASH ndiyo ya kuchukua.

Bei yake si pesa. Unaomba, unasaini masharti, unasubiri. Kisha unaijenga kwa lugha ya Fortran pamoja na maktaba za MPI na HDF5, na matoleo yasipopatana utakesha. Halafu unakutana na jambo ambalo halisemwi mapema: FLASH inahitaji majedwali yanayoeleza jinsi kila maada inavyobanwa na inavyozuia mwanga katika kila halijoto na kila msongamano. Mfano wake wa leza na bamba huja na majedwali ya alumini na heli. Ukihitaji maada nyingine, ni juu yako kuyatafuta, na mengi yanatengenezwa na programu za kulipiwa au yako chini ya maabara za serikali ya Marekani. Kwa hiyo namwambia mwanafunzi achague swali lake akijua majedwali aliyonayo. Tasnifu nzuri ya alumini na heli inawezekana kabisa.

Upande wa chembe: hesabu inayotisha

Katika njia ya chembe unaweka mamilioni ya elektroni na ioni za kompyuta, kila moja ikiwakilisha nyingi za kweli. Unaziacha zitembee, unakusanya mikondo yake ya umeme kwenye gridi, unapiga hesabu ya uga wa umeme na wa sumaku, na uga huo unazisukuma tena chembe. Programu ninayoipendekeza ni Smilei ya Ufaransa: ni huria, nyaraka zake zinasomeka, na faili la kuandalia jaribio ni Python tupu, lugha ambayo wanafunzi wetu wengi wanayo tayari. EPOCH ya Uingereza na WarpX ya Berkeley ni nzuri pia, na WarpX ina faida kubwa kwa mwenye kadi za michoro (GPU). Kwa laptopu, sioni sababu ya kupita Smilei.

Kabla ya kuishusha, kaa chini na kalamu. Chukua plazma ya maabara yenye elektroni kumi kwa kipeo cha 20 (1 ikifuatwa na sifuri 20) kwa sentimita ya ujazo. Umbali ambao uga unaweza kupenya ndani yake ni takriban maikromita 0.53, na kila umbali kama huo unataka visanduku kama 10. Ukitaka kuiga eneo la sentimita 1 kwa milimita 1, pande mbili tu, unapata visanduku 190,000 kwa 19,000, yaani bilioni 3.6. Weka elektroni 20 na ioni 20 kwa kila kisanduku na una chembe bilioni 144. Kila chembe ikichukua baiti 50, ni zaidi ya terabaiti 7 za memori. Na bado hatujagusa muda: hatua moja ya muda haiwezi kuzidi ile ambayo nuru inavuka kisanduku, kwa hiyo kwa wimbi la kilomita 1,000 kwa sekunde unahitaji mamia ya hatua ili wimbi lisogee kisanduku kimoja.

Ndiyo maana hata wenye kompyuta kuu hufanya hila. Protoni ya kweli ina uzito mara 1,836 wa elektroni. Kwenye uigaji wengi huipa mara 25 au 100, ili ulimwengu wa ioni na ulimwengu wa elektroni visogeleane. Si udanganyifu mradi useme wazi na uonyeshe kwamba matokeo hayageuki sana ukipandisha kutoka 25 hadi 100. Kwa uwiano wa 25, eneo dogo na chembe milioni 80, kazi inaingia kwenye gigabaiti 8 kwa kubanana, na kwenye 16 kwa raha.

Jaribu la kukwepa gharama ni kutumia upande mmoja tu. Angalia usije ukajinyima kile unachokitafuta. Wimbi la NIF huzaliwa na msukosuko ambao Erich Weibel aliueleza 1959: mikondo inayopishana hujigawa kuwa nyuzi nyuzi, na nyuzi hizo hupangana kwa kukingama na mwelekeo wa mkondo. Gridi ya upande mmoja inayofuata mkondo haina mahali pa kuziweka nyuzi hizo. Utaendesha programu usiku kucha na wimbi halitatokea, na kosa halitakuwa la Smilei.

Kati ya njia hizi mbili ipo njia mseto: ioni ni chembe, elektroni ni giligili. Kwa njia hiyo 2014 ilionyeshwa kwamba wimbi likisafiri kwa kufuata uga wa sumaku linaweza kuzipa ioni asilimia 10 hadi 20 ya nishati yake, jambo linalogusa moja kwa moja asili ya miale ya kosmiki (chembe zenye nishati kubwa zinazotujia kutoka angani) ambayo Victor Hess aliigundua 1912. Kama swali lako ni ioni, mseto ni nafuu mno. Kama ni elektroni, mseto haukufai.

Kuhusu stima

Naweka hili kwa uzito sawa na mengine, maana limenigharimu. Nimewahi kuacha kazi ya siku nne ikiendelea, na usiku wa tatu mvua ikanyesha na stima ikapotea hadi asubuhi. Sikuwa nimeweka faili za kuanzia upya. Nilirudi sifuri. Programu zote nilizozitaja zinaweza kuandika hali yake yote kwenye diski kila baada ya muda unaoutaka. Kwenye giligili faili hizo ni ndogo, weka kila nusu saa na usahau. Kwenye chembe kila faili ni kubwa kama memori yenyewe, kwa hiyo utahitaji diski ya nje na nidhamu ya kufuta za zamani. Kwa mtu ambaye stima yake haina uhakika, tofauti hiyo peke yake inaweza kuamua.

Walichochagua

Wa Njoro alitaka mawimbi yanayong'aa. Tulianza na Athena++ kwa miezi miwili, bila leza, bila mwanga, mpaka akaweza kuniambia bila kusita kwamba wimbi kali katika gesi ya atomu moja moja haliwezi kuibana zaidi ya mara 4, na kwamba zenoni hupita 4 kwa sababu mwanga unaiba joto. Ndipo akaomba FLASH. Sasa anafanya alumini na heli. Zenoni imewekwa kando hadi atakapopata jedwali la kuaminika, na mimi naona amefanya vyema.

Wa Maseno alitaka elektroni zinazochochewa, kwa hiyo hakuwa na njia ila Smilei, pande mbili, uwiano wa 25. Wimbi likamtokea wiki ya tatu. Alipopima msongamano nyuma yake akakuta umebanwa kama mara 3, wakati alitarajia 4 kama mwenzake. Alitafuta kosa siku kumi na mbili. Akabadilisha idadi ya chembe, akapunguza visanduku, akaandika upya faili lote. Alipokuja kwangu macho yalikuwa mekundu.

Nilimwomba karatasi. Ukomo wa kubanwa unategemea chembe zina pande ngapi za kugawana joto. Zikiwa na pande tatu, unapata 4. Gridi yake ilikuwa ya pande mbili, na uga wa sumaku uliozaliwa humo ulikuwa umesimama wima kutoka kwenye gridi, kwa hiyo chembe zilikuwa zinageuzwa ndani ya zile pande mbili tu na upande wa tatu haukupata joto. Kwa pande mbili ukomo ni 3. Alikuwa na jibu sahihi tangu siku ya kwanza.